Moto Si Moto: Pikipiki za Kasongo na Kabambare na Swali la Kutambuana

Mwanafunzi mwenzetu aliyezaliwa pwani akimsikia mtu wa Kasongo akisema "moto yangu imekufa njiani", huwa na mashaka mawili. Kwanza anafikiri juu ya moto wa kuni. Pili anafikiri kwamba msemaji amevunja upatanisho wa kisarufi, maana moto ni nomino ya ngeli ya U-I, na ilipaswa kuwa "moto wangu umekufa". Ukweli ni kwamba hakuna kuni hapo wala hakuna sarufi iliyovunjwa. Kwetu Maniema ya kusini, moto ni pikipiki. Neno limetoka kwenye Kifaransa, likaingia katika ngeli ya I-ZI pamoja na maneno mengine ya kigeni, na kufa kwa chombo ni kuharibika kwake. Moto wa jikoni haukuondoka: unawaka, unazimika, unaunguza. Maneno mawili yamevaa nguo moja, na kinachoyatenganisha ni viambishi vinavyoyafuata. Asiyesikiliza viambishi atayachanganya siku zote.

Wazee wetu hawana taabu hiyo, kwa kuwa wao husema tukutuku. Hilo ni neno la sauti, kama lilivyo pikipiki lenyewe. Wale waliolibuni kwanza hawakutazama umbo la chombo, bali walisikia injini. Nitarudi kwenye jambo hilo la kusikia, kwa sababu ndilo lililomtoa ndugu yangu katika hatari ambayo macho ya watu yalikuwa yamemtia.

Nianze na barabara. Kutoka Kasongo hadi Kabambare ni zaidi ya kilomita 100 kuelekea mashariki, nchi ya mto Luama, ambao maji yake huishia Lualaba. Mvua ikinyesha wiki moja mfululizo, lori hukwama matopeni na abiria hulala chini yake. Baada ya vita vya 1998 hadi 2003 bidhaa nyingi zilisukumwa kwa baiskeli, mtu akitembea kando ya mzigo wake siku nyingi. Kisha zikaja pikipiki za bei nafuu kutoka China na India, na leo karibu kila kitu hupita juu ya magurudumu mawili: mchele wa Kasongo, madumu ya mafuta ya mawese, samaki wa kukaushwa, mabati ya kuezekea, mgonjwa aliyefungwa kwa kitenge mgongoni mwa dereva ili asianguke, hata jeneza. Dereva tunamwita motari. Motari wa njia hiyo hujulikana kwa moto yake kabla hajajulikana kwa uso wake, kwa sababu uso umefunikwa na vumbi au kofia, na moto huonekana kwanza.

Zinatofautianaje? Kwa mgeni zote ni chuma, tangi na kiti. Kwa mtoto wa njia hiyo kila moja ina sura yake, na mimi nililelewa katika elimu hiyo kabla sijajua kusoma vizuri.

Ya kwanza katika kumbukumbu yangu ni Yamaha AG100. Herufi AG zinatokana na neno la kilimo, kwa kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya wafugaji na wakulima wa nchi kama Australia na New Zealand, wanaopita mashambani kutazama mifugo. Ina vyuma vya kubebea mizigo mbele na nyuma, na vyuma vya kukinga miguu ikianguka. Ina kiegemeo cha pembeni upande wa kushoto na kingine upande wa kulia, ili mtu aisimamishe popote ardhi inapoinama. Mnyororo wake umefunikwa wote ndani ya kasha, matope yasiufikie. Injini yake ni ya mipigo miwili: oili inaungua pamoja na petroli, kwa hiyo hutoa moshi wa buluu na sauti nyembamba ya juu. Kwetu hiyo ilikuwa moto ya mapadri wa jimbo la Kasongo, ya wauguzi wa chanjo, na ya watu wa mashirika. Watoto walipoisikia walijua kwamba ama kuna misa ama kuna sindano.

Kisha kuna Bajaj Boxer ya India, yenye kiti kirefu kilichonyooka, taa ya mviringo au ya pembe kulingana na toleo lake, na sauti nzito ya mipigo minne. Kuna TVS, ya India pia, ambayo fundi huitambua kwa tangi na kwa maandishi ya pembeni. Msemaji wa Dar es Salaam atashangaa, kwa sababu kwake bajaji ni chombo cha magurudumu matatu, hata kama kimetoka kiwanda kingine kabisa. Hapo tena jina limehama kutoka kwa mwenye nalo likakaa juu ya wengine.

Halafu kuna za China: Haojue, Senke, na nyingine ambazo majina yake hubadilika kuliko maumbo yake. Nyingi kati ya hizo zina nasaba moja. Katika miaka ya 1970 Honda ilitengeneza CG125 kwa kukusudia nchi ambazo pikipiki hubebeshwa kupita kiasi na kuhudumiwa kidogo. Badala ya kuweka mnyororo wa kuendesha vali juu ya injini, wahandisi walirudi kwenye fimbo za kusukuma vali, mtindo wa zamani lakini mvumilivu. Viwanda vingi vya China vikauchukua mpango huo wa injini, kila kimoja kikaivika tangi lake na jina lake. Ndiyo maana fundi wa Kasongo anaweza kutoa pistoni kwenye chapa moja akaitia kwenye nyingine, naye mwenye moto akaendelea kuapa kwamba yake haina undugu na ya jirani.

Kwa hiyo wenye moto hutafuta njia za kuzitofautisha. Mmoja hufunga maua ya plastiki kwenye vioo. Mwingine huandika "Inshallah" kwenye kinga ya matope, na mwenzake wa mtaa wa misheni huandika "Mungu yuko". Mwingine huvisha kiti chake ngozi ya rangi mbili. Mapambo hayo ni utambulisho: mteja aliyelipa nusu ya nauli lazima ajue nani anamdai nusu iliyobaki.

Mchanganyiko huu wa sura si wa kwetu maskini peke yetu. Katika kinyozi kimoja cha Kasongo kulikuwa na picha kubwa ukutani: pikipiki nyeusi ya aina ya kruza, zile za kukaa chini, miguu mbele, usukani ukiinuka kama pembe za ng'ombe, chuma chote kiking'aa. Kinyozi aliwaambia wateja wake wote kwamba ile ni Harley. Fundi mmoja aliyekuja kunyoa alisogea karibu na picha, akatazama gurudumu la nyuma, akasema: "Baba, hapa hakuna mnyororo wala mkanda. Hii inazungushwa na shafti. Si Harley." Walibishana mpaka nywele za mteja aliyekuwa kitini zikabaki nusu.

Baadaye nilipopata intaneti ya uhakika niliitafuta ile picha, nikaiona: ilikuwa Yamaha Virago. Fundi alikuwa na haki. Harley-Davidson, iliyoanza Milwaukee mwaka 1903, ina silinda mbili zilizokaa kama herufi V yenye pembe ya nyuzi 45, na fimbo zote mbili za pistoni zimeshikwa na pini moja. Kwa sababu hiyo milipuko yake haifuatani kwa nafasi sawa, na sauti hutoka ikichechemea, kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi anayetembea haraka. Virago ya kwanza ilitoka mwaka 1981, na V yake ilikuwa pana zaidi, nyuzi 75. Ukitazama upana wa ile V tu, bila kusoma jina, unajua uko mbele ya nani. Indian, kampuni nyingine ya zamani ya Marekani, ilijulikana tangu 1940 kwa kinga za matope zilizoteremka na kufunika sehemu kubwa ya gurudumu, kama kanzu inayogusa kifundo.

Wajapani walijua thamani ya kufanana. Mwaka 1995 Honda ilitoa toleo la Shadow ambalo ndani ya injini yake walibadili mpango wa pini, ili milipuko ichecheme kama ya Harley. Mwaka 1999 Kawasaki ilitoa pikipiki iitwayo Drifter, yenye kinga za matope kama za Indian ya miaka ya 1940. Nao Harley walikuwa wameomba mwaka 1994 sauti ya injini yao isajiliwe kama alama ya biashara. Washindani wakapinga, mambo yakavutana mpaka mwaka 2000 ombi likaondolewa. Mtu anaweza kucheka, lakini tazama jinsi lilivyo swali la kitivo chetu: je, sauti ni ya nani? Anayetoa sauti kama yangu amekuwa mimi?

Huko Marekani swali hilo lilikuwa la biashara na la fahari. Kwetu linaweza kumlaza mtu chini.

Miaka michache iliyopita, wakati wa kiangazi, mnunuzi mmoja wa dhahabu aliyetoka upande wa Namoya aliporwa njiani alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala barabarani. Waliompora walikuwa wawili, juu ya moto moja. Mama mmoja aliyekuwa akienda shambani aliwaona wakipita. Alipoulizwa alisema: "Niliona watu wawili juu ya senke nyekundu." Siku iliyofuata yaya wangu alifika kwenye kizuizi kimoja cha barabarani akiwa na abiria nyuma. Hapa niwaambie wenzangu wa pwani kwamba yaya kwetu si mlezi wa watoto, bali ni ndugu mkubwa, awe wa kiume au wa kike. Yaya alikuwa na Senke. Ilikuwa nyekundu. Na juu yake walikuwa watu wawili.

Walimshusha, wakamfunga mikono, wakamlaza kwenye kibanda. Abiria aliachwa aende zake baada ya kulipa. Motari mwenzake aliyepita alitupatia habari jioni. Usiku ule mama hakula. Katika eneo lile, kwa miaka ile, mtu aliyeitwa mwizi hakuhitaji hakimu, na sote nyumbani tulijua hivyo bila kulitamka. Alfajiri nilitoka pamoja na mjomba wetu na fundi aliyekuwa akiitengeneza moto ya yaya. Mjomba alibeba pesa. Fundi alibeba funguo zake za kazi, kwa mazoea tu. Mimi nilibeba kadi yangu ya mwanafunzi, nikidhani itasaidia, hakuna aliyeitazama.

Mkubwa wa kizuizi alituonyesha karatasi. Ilikuwa imeandikwa kwa Kifaransa: pikipiki ya chapa Senke, rangi nyekundu, watu wawili. Akaleta hati ya moto ya yaya, akaiweka kando ya ile karatasi. Chapa: Senke. Rangi: nyekundu. "Mnataka nini zaidi?" akauliza. Mjomba akaanza kusema juu ya tabia njema ya kijana, jinsi anavyoswali, jinsi alivyomjengea mama yake nyumba ya bati. Yule mkubwa alisikiliza kwa adabu, kisha akasema kwamba hata wezi wana mama.

Nilikuwa nikiitazama herufi ya kwanza ya neno Senke kwenye ile karatasi. Ilikuwa herufi kubwa. Mama yule wa shamba hakusema kwa herufi kubwa, maana kinywa hakina herufi kubwa. Niliomba kwa heshima aitwe. Ilichukua muda mrefu na sehemu ya pesa za mjomba, lakini aliitwa, akaja na jembe lake begani, akiwa na hasira ya kukatiziwa kazi mara ya pili.

Pale kizuizini zilikuwapo moto tatu: ile ya yaya, TVS ya buluu ya motari mmoja aliyekuwa akisubiri kulipa, na AG100 ya kituo cha afya, ambayo muuguzi alikuwa ameiegemeza kwenye mwembe.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Tunaomba utusaidie. Hii ni nini?"

"Marahaba, mwanangu. Hii ni senke."

"Na hii ya buluu?"

"Senke."

"Na ile kule chini ya mwembe?"

"Ile ni senke ya daktari."

Watu wakacheka. Mkubwa wa kizuizi hakucheka, lakini niliona ameitazama tena karatasi yake. Kwa mama yule, senke lilikuwa neno la kila chombo chenye magurudumu mawili na injini. Huenda ya kwanza kufika kijijini kwake ilikuwa ya chapa hiyo, nalo jina likawabatiza wote waliofuata. Alikuwa amesema kweli tupu: aliona moto nyekundu yenye watu wawili. Aliyemsikiliza alikijua chombo kwa chapa, akasikia chapa. Aliyeandika aliandika kwa lugha nyingine, akaongeza neno ambalo mama hakulitamka kamwe, yaani chapa. Hakuna aliyedanganya katika ule mnyororo, na mwisho wake ulikuwa ni mtu aliyefungwa mikono.

Hata hivyo nyekundu ilibaki nyekundu, na wawili walibaki wawili. Ndipo fundi, aliyekuwa amenyamaza tangu Kasongo, akauliza swali lake la pekee: "Mama, ilikuwa inalia namna gani?"

Mama akaweka jembe chini. Akakaza midomo, akatoa sauti nyembamba ya puani, ndefu, kama ya mbu aliyekasirika. Akasema pia kwamba moshi wake ulikaa njiani, na nguo zake zilinuka mafuta ya kuungua hadi alipofika shambani. Fundi akaomba ruhusa, akaipiga teke moto ya yaya. Ikanguruma kwa sauti nzito ya mipigo minne, bila moshi. Mama akatikisa kichwa. "Hii haikuwa yenyewe. Ile ililia kama ile ya daktari."

Hapo nilimwona muuguzi akibadilika uso. Neno lililokuwa likimfungua ndugu yangu lilikuwa likigeuka kumtafuta mtu mwingine, na macho ya walinzi yalikuwa yameanza kuhamia kwenye mwembe. Namshukuru mama yule, kwani aliliona hilo kabla yetu. Akasema kwa haraka kwamba ya daktari si nyekundu, na kwamba siku ile daktari alikuwa kijijini kwao akiwachanja watoto, mjukuu wake akiwa mmojawao. Mama alijua kutofautisha vizuri kuliko sisi sote. Tulichokosa ni kumwuliza.

Yaya aliachiliwa kesho yake, baada ya usiku wa pili na baada ya mjomba kulipa fedha ambazo ziliitwa za karatasi. Moto ilirudishwa bila kioo kimoja, tangi likiwa tupu. Wezi hawakupatikana. Yaya hakusema mengi. Alipofika nyumbani alinunua kopo la rangi, akaipaka moto yake kijani, na kwa wiki nzima wateja wake wa siku zote walimpita sokoni bila kumtambua.

Ninaposoma historia ya nchi yetu sasa, naona kwamba makosa ya namna hii ni ya zamani pale. David Livingstone alikaa Kabambare, aliyoiandika Bambarre, kwa miezi kadhaa mwaka 1870, vidonda vya miguu vikimzuia kutembea. Mwaka 1871 akafika Nyangwe, kando ya Lualaba. Aliuona mto mkubwa unaoelekea kaskazini, naye alikuwa akitafuta chanzo cha Nile. Mto uliokwenda kaskazini ukawa Nile moyoni mwake. Verney Lovett Cameron alipofika Nyangwe mwaka 1874 alipima kimo cha mahali pale. Akakuta kwamba Lualaba uko chini kuliko Nile ulivyo Gondokoro, na maji hayapandi mlima. Stanley aliondoka Nyangwe mwishoni mwa 1876 akaufuata mto mpaka baharini, upande wa Atlantiki, mwaka 1877. Ilikuwa Kongo. Wagenya, ambao mitumbwi yao ilivusha wasafiri hao, hawakuwa na shida ya kuujua mto wao. Walikuwa na jina lake.

Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, alijua kutumia kosa la utambulisho kwa faida yake. Katika habari za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili, zilizochapishwa mwanzoni mwa karne ya 20, anaeleza jinsi alivyofika Utetela, ng'ambo ya Lualaba. Huko alisikia kwamba dada za mtawala mzee walitekwa zamani, akajitangaza kuwa mjukuu wa mmoja wao. Mzee alimtambua kama damu yake, akampa utawala. Mama wa shamba alitambuliwa vibaya maneno yake bila kupenda. Tippu Tip alijivika jina ambalo halikuwa lake, akapata nchi. Kutambuliwa si jambo la macho peke yake, ni jambo la mamlaka pia: nani ana haki ya kusema wewe ni nani.

Jina Manyema lenyewe limepita njia hiyo. Wajukuu wa watu waliotoka kwetu, wengine wakiwa wapagazi na wengine watumwa, wanaishi Ujiji, Tabora, Dar es Salaam na Bujumbura, na wote huitwa Wamanyema. Nyuma ya jina hilo walikuwapo Wabangubangu, Wakusu, Wazimba, Wazura, Wagenya na wengine, wenye lugha zao na miiko yao. Pwani haikuwa na haja ya kuwatofautisha, kama yule mama asivyokuwa na haja ya kutofautisha Senke na TVS. Tofauti ni kwamba jina la moto halimuumizi moto.

Na lugha tunayoisema, Kingwana, hutazamwa hivyo hivyo. Wapo wanaoisikia wakaona ni Kiswahili cha kuigiza: tangi la pwani, injini ya mahali pengine, rangi iliyopakwa upya. Wanahesabu viambishi vilivyopungua kama fundi mbaya anavyohesabu skrubu zilizokosekana. Mimi siwezi kusema kwamba Kingwana ni sawa na Kiswahili sanifu, kwa sababu si sawa, na mtihani wa sarufi tunaofanya hapa kitivoni sina ugomvi nao. Ninachosema ni kwamba msemaji wa Kasongo anayesema "moto yangu imekufa" ana kanuni, na kanuni hiyo hutenganisha chombo na kuni bila kukosea hata siku moja. Injini ya CG125 ilirudi kwenye fimbo za zamani kwa sababu barabara zilidai hivyo. Hakuna aliyeiita Honda ya uongo.

Kwa wenzangu wanaotafuta mada ya utafiti wa mwisho, nina pendekezo. Katika kila wilaya tunazotoka kuna majina ya pikipiki yaliyozaliwa kutokana na chapa, sauti, umbo au mtu aliyekuwa wa kwanza kuileta. Tuyakusanye, na tusiishie kuandika neno na maana yake. Tuandike nani analisema, kwa chombo gani hasa, na mahali gani maana inapogeuka. Tuwaulize mafundi, kwa kuwa wao wana istilahi ambazo kamusi zetu hazina. Tuwaulize na wakulima wanaoziona zikipita tu bila kuzimiliki. Na tukifika mahali pa kuandika, tuwe waangalifu na herufi kubwa. Mtu anayekusanya maneno ana kalamu ile ile aliyokuwa nayo mwandishi wa kizuizini, na anaweza kuandika chapa pale ambapo hakuna aliyeitaja.